Mashine ya boti, Enduro 40 ya silinda mbili: sailensi (mwendo wa chini kabisa) inaning'inia juu, ukitia gia inazima. Taimingi (wakati wa kupiga moto) au kabureta?

#1 MkokotoniBoti
Assalam alaykum mafundi. Mashine ni Yamaha Enduro 40, silinda mbili, kabureta moja, ya kupiga kamba. Ya zamani, imepita mikono mingi. Ikiwa baridi inawaka bila tabu na sailensi inakaa. Ikishapata moto, ukitoka resi kubwa ukarudi chini, mlio haushuki papo hapo. Unaning'inia juu, kisha unaporomoka, na ukiitia gia inazima. Kabureta inapiga chafya. Plagi ya juu ina rangi ya kahawia, ya chini nyeusi na imerowa. Kuna mtu keshaikaza skrubu ya sailensi ili isizime, sasa kila ikiingia gia inagonga chini. Fundi mmoja anasema taimingi, mwengine anasema kabureta. Nimfuate nani?

#2 Bisibisi
Waalaykum salaam. Kabureta hiyo, usitafute mchawi. Chafya maana yake mafuta machache, hewa nyingi. Vua kabureta, toa bakuli, toa jeti ya sailensi na jeti kubwa, pitisha hewa ya kompresa kila tundu. Usichokoe kwa waya wa chuma. Tundu la jeti likipanuka hulirudishi tena. Ukilazimika, unyuzi mmoja wa waya laini wa shaba. Skrubu ya mchanganyiko ifunge taratibu mpaka iguse tu, usikaze, ncha yake itaota pete. Kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu, hapo ndo pa kuanzia. Mashine ikipata moto uzungushe kidogo kidogo mpaka mlio ulainike.

#3 FundiMalindi
Bisibisi, plagi umezisoma lakini? Kabureta ni moja na inalisha silinda zote mbili mchanganyiko ule ule. Jeti ingekuwa imeziba, plagi zote mbili zingepauka. Hapa moja kahawia, moja nyeusi. Kinachozitenga kiko baada ya kabureta: ridi (vali za kuingizia mchanganyiko), sili za krenki (mipira inayozuia hewa isivuje kwenye mhimili wa injini), moto wa plagi au komprashini (mgandamizo wa silinda).

MkokotoniBoti, kabla hujafungua kitu chochote:

Plagi ya juu ipeleke chini, ya chini ilete juu, endesha, utazame. Weusi ukihama na plagi, plagi mbovu. Ukibaki chini, tatizo ni la silinda.

Halafu komprashini. Toa plagi zote mbili, fungua mkono wa mafuta mpaka mwisho, piga kamba mpaka mshale wa geji usipande tena. Waya za plagi zifungwe kwenye bloku zipate erthi. CDI (kisanduku cha umeme wa moto) ikirusha moto usio na pa kutokea inaweza kujiua yenyewe. Silinda mbili zikipishana zaidi ya asilimia 10, wacha habari ya taimingi, tafuta ringi na gasketi ya kichwa.

Mwisho, mashine ikiwa na moto na inasumbua, vuta choki nusu. Ikitulia, inakula hewa. Ikizidi kukohoa, haina njaa ya mafuta, tazama kwengine.

#4 NahodhaKojani
Nyote mnazunguka. Hiyo ni taimingi. Boti za huku hupiga jiwe maji yakiwa madogo, rafadha inasimama ghafla, kii ya flaiwili (kipini kinachopanga gurudumu zito la juu kwenye krenki) inakatika nusu. Mashine bado inawaka lakini moto unachelewa, ndo maana haina nguvu ya kuingia gia. Vua flaiwili utazame kii. Kipande cha senti tu hicho, watu wanabadilisha CDI bure.

#5 FundiMalindi
Nahodha, kii ni kweli ya kutazamwa, ila umegeuza upande. Rafadha ikigota, krenki inasimama na flaiwili inataka kuendelea na mwendo wake. Inateleza mbele ya krenki. Sumaku iko kwenye flaiwili, kwa hivyo inapita mbele ya pulsa (koili inayotoa ishara ya moto) mapema kuliko pistoni ilivyo. Moto unawahi. Dalili zake ni kamba kurudi na kuvuta mkono, sailensi kuwa juu bila sababu, na mashine kugonga ukikamua. Moto wa kuchelewa ni mwengine: mashine haina pumzi, inachemka, inachelewa kushika ukiongeza mafuta.

#6 NahodhaKojani
Uwahi uchelewe, kii imekatika au haikukatika? Nyie wa mjini mnapenda elimu.

#7 BintiWete
Haina haja ya kubishana, pima. Huhitaji daya geji kwa kuanzia.

Tafuta TDC (pistoni ikifika mwisho upande wa plagi) ya kweli ya silinda ya juu kwanza, usiamini alama ya zamani. Chukua plagi iliyokufa, toa kauri yake ya ndani, funga boliti yenye ncha ya mviringo katikati. Ifunge kwenye tundu la silinda ya juu, plagi ya chini iwe nje. Zungusha flaiwili kwa mkono, usithubutu kupiga kamba, mpaka pistoni iguse boliti. Weka alama kwenye flaiwili mbele ya kijiti kisichotembea. Zungusha upande wa pili mpaka iguse tena, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo, upande ule mfupi, ndiyo TDC.

Sasa nyuzi (digrii). Pima mzunguko wa flaiwili kwa tepu ya fundi cherehani, gawa kwa 360. Ukipata milimita 630, kila nyuzi moja ni milimita 1.75, nyuzi tano ni 8.75. Chora vijistari vyako kwa rangi ya kucha nyeupe, haifutiki na petroli haraka kama chaki.

Kisha taa ya taimingi, betri ya gari ya volti 12, kibano kwenye waya wa plagi ya juu, mshale wake uelekee plagi. Kwenye mashine nyingi za namna hii, sailensi moto unapiga karibu na TDC, kabla au baada kidogo, na ukifungua mafuta sahani ya magneto (inayobeba koili chini ya flaiwili) inazunguka mpaka nyuzi ishirini na kitu kabla ya TDC. Namba kamili chukua kwenye kitabu cha modeli yako, usichukue ya jirani.

Alama ya kiwandani ikipishana na TDC uliyoipata, kii imekatika au flaiwili si ya mashine hiyo. Nahodha hapo atapata jibu lake.

#8 Bisibisi
Dada, rangi ya kucha pipani, kwenye pipa la maji la kujaribia mashine 😄 Vijana wa Mkokotoni wataulizwa majumbani kwao.

#9 BintiWete
Waulizwe tu, mashine itakaa sailensi.

#10 PwezaFungu
Nyongeza kwa #7. Resi kubwa usiijaribu pipani. Bila mzigo wa bahari mzunguko unaruka haraka kupita kiasi, na kidole kiko karibu na flaiwili. Taimingi ya mwisho itazame mashine ikiwa imezimwa: zungusha sahani kwa mkono mpaka igote kwenye stopa yake, kisha linganisha alama. Na maji yapite juu ya bamba la juu ya rafadha. Impela ya mpira bila maji inaungua sasa hivi.

Halafu kuna mchanganyiko wa mambo hapa. Kwenye Mercury nyingi za zamani, sailensi yenyewe hupangwa kwa skrubu ya stopa ya taimingi: kipepeo cha kabureta (mlango wa njia ya hewa) kimefungwa, na mwendo unapanda au kushuka kwa kuwahisha au kuchelewesha moto. Kwenye Yamaha ya namna hii kuna skrubu inayosukuma kipepeo. Fundi aliyezoea moja akishika nyengine anavuruga vyote viwili. Wengi wanaosema "nimepanga taimingi" wamekaza skrubu ya kipepeo tu.

#11 FundiMalindi
Hapo sawa kabisa. Na mpango wake ni huu: taimingi kwanza, kisha kamu na rola ya kipepeo (zinazounganisha sahani na kipepeo), kisha mchanganyiko, mwendo wa sailensi ndo wa mwisho. Sahani ya magneto lazima ianze kutembea kabla kipepeo hakijafunguka. Rola ikiikuta kamu mapema, kipepeo kinafunguka moto ungali nyuma, mashine inakohoa ukiongeza mafuta. Ikiikuta kwa kuchelewa, moto umeshatangulia na mafuta hayajaja.

Hiyo skrubu iliyokazwa irudishe leo hii. Kutia gia mashine ikiwa juu kunalamba meno ya klachi kule chini. Yakishakuwa mviringo, gia inaruka ukikamua, na hapo ushalinunua tatizo jengine la bei kubwa.

#12 Mtumbatu_1
Mchanganyiko wa oili mnauliza lini? Huku watu wanatia kwa jicho. Hamsini kwa moja ni mililita 20 kwa lita, yaani dumu la lita 20 linataka mililita 400. Wapo wanaomimina karibu lita nzima "kwa usalama". Oili ikizidi, petroli inayopita kwenye jeti ile ile inapungua, mashine inakuwa na njaa huku plagi inarowa. Njaa na kurowa pamoja, kama ya mwenzetu hapa.

#13 Bisibisi
Mtumbatu umesema la maana, ila oili nyingi ingerowesha zote mbili.

#14 Mtumbatu_1
Si lazima. Silinda ya chini ndo inayokusanya. Oili nzito hainyanyuki sailensi, inatuama chini.

#15 MkokotoniBoti
Shukran wote. Majibu: komprashini zote mbili sawa, zimepishana kidogo sana. Plagi nimebadilishana, weusi umebaki chini. Choki nusu ikiwa na moto: inatulia, lakini baada ya muda kidogo inaanza kufoka moshi. Petroli imelala usiku kwenye chupa ya kioo, hakuna maji chini. Skrubu ya mchanganyiko nimeikuta imefunguliwa mizunguko miwili na robo. Alama ya flaiwili na TDC ya kipimo cha dada BintiWete zinakutana, kwa hivyo kii naona nzima.

#16 NahodhaKojani
Haya, kii nzima. Lakini mimi sijatoka kwenye taimingi.

#17 FundiMalindi
Miwili na robo. Hilo ndo neno. Soma hivi: sili ya juu ya krenki, ile chini ya flaiwili, imekauka. Silinda ya juu inavuta hewa ya wizi. Mtu akaona inapiga chafya, akafungua mchanganyiko ili kuishibisha ya juu. Ya juu ikawa kahawia, ya chini ambayo haina tatizo ikashiba kupita kiasi ikawa nyeusi. Choki inatuliza, mlio unaning'inia. Vyote vinakaa mahali pamoja.

Kuhakikisha: mashine ikiwa sailensi, chupa ya kupulizia, maji ya sabuni, puliza kwenye kiungo cha kabureta na manifoldi kwanza, ikibadilika mlio umepata. Sili ya juu ni ngumu kufikiwa kwa sababu flaiwili iko juu yake. Ukivua flaiwili, tazama chini yake: oili iliyorushwa kwa duara kwenye sahani ni ushahidi.

#18 BintiWete
Maelezo mazuri ila kuna kimoja hujakijibu. Ikiwa baridi inakaa vizuri. Sili iliyokauka inavuja baridi na moto.

#19 FundiMalindi
Baridi mashine inataka mafuta mengi, na mtu kaifungua miwili na robo. Inaelewana. Na mpira mgumu ukipata moto, krenki ikitikisika kidogo kwenye beringi, pengo linafunguka.

#20 NahodhaKojani
Sasa nisikilizeni mie. Sahani ya magneto inazunguka juu ya bushi yake kila ukifungua mafuta. Chumvi ikiingia, grisi inakuwa kama gundi. Unakamua, sahani inakwenda mbele. Unarudisha mkono, kipepeo kinafunga lakini sahani inabaki huko huko, moto bado umetangulia. Mlio unaning'inia. Mtikisiko ukiishusha, mlio unaporomoka. Na ikiwa baridi hujaikamua bado, kwa hivyo sahani haijakwama. Hewa ya wizi gani?

#21 PwezaFungu
Wallahi hiyo inawezekana. Nahodha kaiweka vizuri kuliko sote.

#22 FundiMalindi
Inawezekana, na kuipima ni rahisi. Mlio ukiwa unaning'inia, tazama mkono wa sahani: umerudi kwenye stopa au haukurudi? Kama haukurudi, usukume kwa kipande cha mti kirefu, mikono na mikono ya shati mbali na flaiwili. Mlio ukishuka hapo hapo, Nahodha kashinda. Usiposhuka, ni hewa. Lakini sahani iliyokwama haitoi plagi moja nyeusi, Nahodha. Na haitulii kwa choki.

#23 NahodhaKojani
Nyeusi imetoka kwenye skrubu ya miwili na robo, umesema mwenyewe.

#24 FundiMalindi
Kwa hiyo ingekuwa nyeusi zote mbili, nimesema pia.

#25 Kusi_la_Juni
Naona hakuna aliyegusa moto wa silinda ya chini. Koili ya moto ni moja yenye waya mbili au koili mbili? Kama ni moja yenye waya mbili, plagi zote zinapiga kwa pamoja na pulsa haiwezi kulaumiwa kwa silinda moja. Tazama waya, kofia ya plagi, kutu ndani ya kofia. Kama ni mbili, zibadilishane ujue. Kofia zile za kuzungusha, kata milimita tano za waya ulioota kijani, uzungushe upya. Wengi wamepona hapo hapo.

Moto upimwe kwa kipimo cha pengo, si kwa kushika plagi kwenye bloku. Plagi ikiwa nje, hewa ni nyepesi, cheche dhaifu inaruka tu. Ndani ya silinda chini ya mgandamizo inakufa. Pengo la milimita 9 hivi, cheche ya samawati yenye mlio. Na multimita ya kawaida haisomi volti za CDI, inataka adapta ya kilele, kwa hivyo usije ukasema "CDI imekufa, inatoa volti 40".

Koili ya pulsa na ya kuchaji pima omu ikiwa baridi, kisha mara tu baada ya kuzima ikiwa na moto. Ikipotea ikiwa na moto, waya wa ndani unaachana. Hiyo ndo "ikiwa baridi nzuri" ya kawaida kabisa.

#26 Bisibisi
Plagi zenyewe namba gani? Ikiwa NGK, B7HS-10 ile 10 ya mwisho ni pengo la milimita 1.0. Bila hiyo 10 pengo huja dogo zaidi, mtu anafunga bila fila (kipimo cha pengo). Na namba ikiongezeka, plagi ni ya baridi zaidi. Ukitia 8 pahala pa 7 mashine ya kuvulia, inayokaa sailensi nusu siku kwenye nyavu, inarowa. Dukani zipo za bandia pia, kauri yake ina maandishi ya kufifia na pete ya shaba inazunguka ovyo.

#27 MkokotoniBoti
B7HS-10 zote mbili, pengo nimepima 1.0. Koili ni moja waya mbili.

#28 Kusi_la_Juni
Basi tazama kofia ya chini. Na mipira midogo inayotoka chini ya krenkikesi kwenda juu, yenye vali ndogo za njia moja. Kazi yake ni kunyonya ile oili anayoisema Mtumbatu #14 na kuirudisha ikaungue. Vali ikiziba, silinda ya chini inatuama oili, sailensi inarowa, ukikamua inasafika, ukirudi inakohoa. Ipulize kwa mdomo: upande mmoja upite, mwengine ugome. Baada ya kuvua, kila mpira urudi pahala pake pale pale, piga picha kwanza.

#29 Mtumbatu_1
😁 Hatimaye mtu kaniunga mkono.

#30 PwezaFungu
Jambo jengine la Unguja na Pemba: thermosteti. Kama modeli yako inayo, watu hutoa "maana bahari yetu moto". Mashine inabaki baridi sailensi, petroli haigeuki mvuke vizuri, plagi zinarowa. Fungua kifuniko uone kama ipo. Ichemshe kwenye sufuria na uzi umeubana kwenye mlango wake; ukifunguka uzi unaanguka. Nyuzi za kufungukia zimeandikwa juu yake.

#31 BintiWete
PwezaFungu, ila yeye mashine inasumbua ikiwa na *moto*.

#32 PwezaFungu
Nimesema ya kutazamwa, sijasema ndiyo.

#33 Bisibisi
Na skrubu ya mchanganyiko, MkokotoniBoti, iko upande gani wa kipepeo? Ikiwa upande wa mdomo wa hewa, mara nyingi ni ya hewa: kufungua kunapunguza mafuta kwenye mchanganyiko. Ikiwa upande wa injini, inatoa mchanganyiko: kufungua kunaongeza. Maana ya hiyo miwili na robo inageuka juu chini. Ikiwa ya hewa, basi mtu kaifanya mashine iwe na njaa zaidi, na nyumba nzima ya FundiMalindi #17 inaanguka.

#34 FundiMalindi
Swali la haki. Asipojua kwa macho, azungushe nusu kuifunga akiwa sailensi na choki wazi. Ikizidi kupiga chafya, ni ya mafuta.

#35 MkokotoniBoti
Nikiifunga inazidi chafya. Mkono wa sahani nimeutazama mlio ukiwa juu: unarudi, lakini si mpaka kwenye stopa, unabaki kama upana wa ukucha. Nikiusukuma mlio unashuka kidogo, haushuki wote.

#36 NahodhaKojani
😂😂 Takbir.

#37 FundiMalindi
"Kidogo, haushuki wote." Gawaneni.

#38 BintiWete
Upana wa ukucha kwenye mkono wa sahani unaweza kuwa nyuzi kadhaa, inategemea urefu wa mkono. Pima kwa taa kabla ya kusukuma na baada, utajua sehemu gani ya mlio ni ya sahani na ipi ni ya hewa. Na uipange baharini, boti imefungwa, mashine ndani ya gia. Moshi wa pipani unagoma kutoka, sailensi ya pipani inadanganya.

#39 MkokotoniBoti
Flaiwili lazima itoke basi, kwa sili na kwa bushi. Pula ninayo ya makucha ya gari, inafaa?

#40 Kusi_la_Juni
Haifai hata kidogo! Makucha yakishika ukingo unaipinda flaiwili au kung'oa sumaku za ndani. Tafuta ile bapa ya boliti tatu zinazoingia kwenye matundu ya flaiwili yenye nyuzi. Nati ya krenki iwe imelegea lakini ibaki juu, sawa na ncha ya krenki, flaiwili isikurukie. Kaza boliti ya kati, gonga kichwa cha boliti hiyo pigo moja fupi. Usigonge krenki yenyewe. Kurudisha, koni ya krenki na ya flaiwili zipanguswe zikauke kabisa, bila grisi wala oili. Kinachoshika ni koni, kii inapanga tu. Nati kwa torki ya kitabu.

#41 Mtumbatu_1
Mkiwa hapo hapo, nna Johnson ya zamani ya platinamu (swichi ya moto inayofunguliwa na kamu). Pengo ngapi? Wengine wananambia 0.35.

#42 BintiWete
Johnson na Evinrude nyingi za platinamu ni inchi 0.020, karibu milimita 0.5, kilele cha kamu kikiwa kwenye kisigino. Pengo likiwa kubwa platinamu inafunguka mapema, moto unawahi. Likiwa dogo, unachelewa. Kwa hiyo kila ukipanga pengo, umegusa taimingi. Pangusa kwa karatasi ngumu kavu baada ya kupima, fila huacha oili.

#43 NahodhaKojani
Mtumbatu, bushi ya sahani ya hiyo Johnson umeitia grisi?

#44 Bisibisi
Ashaanza tena.